Mrejesho: mwaka mzima kwenye utafiti wa usalama wa dawa ya Duchenne (ugonjwa wa kurithi unaomaliza misuli) kwa vijana wasiotembea, nawapa nyota 3 na nusu

Haya wazazi wenzangu, mrejesho niliahidi tangu mwezi wa tatu nikawa nawapiga chenga, sio kwa ubaya, ni kwamba kila nikikaa niandike namkumbuka yule dada wa mapokezi hotelini aliyenihakikishia chumba ni cha walemavu halafu nafika bafuni nakuta beseni la kuogea la kupanda, nachemka upya, naacha. Leo kijana kalala mapema, mashine yake ya kupumulia naisikia huko chumbani inavuta na kuachia, chai ninayo, acha nimalize.

Inbox wengi mmeniuliza swali moja, "hiyo dawa inaponya?" Jibu ni hapana, na hata wao hawakusema inaponya. Huu ni utafiti wa usalama, maana yake kitu cha kwanza wanachotafuta ni kama dawa itamdhuru mtoto, itamdhuru wapi, kwa kiasi gani, na ikimdhuru atarudi sawa au ndio basi. Habari ya kupata nguvu inakuja nyuma. Mimi mwenyewe hili lilichukua kama miezi miwili kuniingia kichwani, unaambiwa "dawa mpya" masikio yanasikia "tiba", moyo wa mama hausomi fomu.

Kijana wangu alikuwa na miaka 17 tulipoanza. Aliacha kutembea ana miaka 11, mgongo umeshawekwa vyuma, usiku analala na mashine, kikombe anakifikisha mdomoni kwa ujanja wa kuegemeza kiwiko mezani na kuinamisha shingo. Jeni ya distrofini, ile protini inayolinda misuli, ina vipande 79, yeye kuanzia cha 45 mpaka cha 50 havipo, na dawa hii ni katika zile zinazoufanya mwili uruke kipande cha 51 ili kilichobaki kisomeke, ipatikane distrofini fupi ambayo angalau inafanya kazi kidogo. Drip moja kila wiki 4. Hakuna kundi la kupewa maji matupu ya kulinganishia, wote wanapewa dawa yenyewe. Jina la dawa silitaji wala la hospitali, tumesaini makaratasi, na tena huko chini nitawasema kidogo. Sisi tuko Marekani, jimbo moja la katikati huku ambako mahindi ni mengi kuliko watu, hospitali ya utafiti iko jimbo jirani, saa nne na nusu kwa gari kama hakuna theluji.

Sasa kwa nini tulikubali. Miaka mingi vijana wa aina hii walikuwa hawatakiwi. Kipimo kikubwa cha dawa za Duchenne kilikuwa kumtembeza mtoto dakika 6 kwenye korido na kuhesabu mita, sasa wewe usiyetembea utahesabiwa nini? Unapiga simu unajibiwa vizuri tu, samahani mama, vigezo. Wachache ndio waliwakumbuka. Watu wa eteplirsen, dawa nyingine ya kuruka kipande cha 51, mwaka 2014 walianzisha utafiti wa pembeni wa usalama kwa waliofika mbali na ugonjwa, vijana 24, wiki 96. Vijana 24 tu jamani, dawati nane za shule niliyosoma mimi Muheza. Kuna na ile ya seli zinazotolewa kwenye moyo wa mtu aliyechangia, HOPE-2, watu 20, hao walipima mikono badala ya miguu, na humo ndimo ilipoonekana kwamba wapo wanaopata mzio mkali seli zikiingia mwilini, ndipo wakaanza kuwapa dawa za kuzuia mzio kabla ya drip. Kitu kama hicho huwezi kukijua ukiwa umekaa na makaratasi.

Halafu ikaja tiba ya jeni, Elevidys, dola milioni 3.2 kwa dozi moja. Utafiti wake mkubwa ulikuwa wa watoto wa miaka 4 mpaka 7 wanaotembea, wadogo, wepesi. Juni 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikafungua mlango mpaka kwa wasiotembea. Dozi inapigwa kwa kilo, kwa hiyo kijana wa kilo 60 anamiminiwa virusi vya kubebea jeni mara tatu ya mtoto wa kilo 20. Mwaka 2025 wakafariki vijana wawili, wote walikuwa hawatembei, wote ini lilifeli. Juni hiyo ikasimamishwa kwa wasiotembea, Novemba maelezo ya dawa yakabadilishwa, onyo la ini likapanda juu kabisa na ruhusa ikabaki kwa wanaotembea tu. Na kabla ya hapo, Desemba 2021, kijana mmoja wa kundi la wasiotembea alifariki kwenye utafiti wa tiba ya jeni ya Pfizer. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee mwaka wa tisa huu, vifo nimeviona, lakini habari ya yule kijana wa pili niliisoma nimesimama jikoni na maharage yakaungua mpaka alamu ikalia.

Kuna waliosema basi wakubwa wasiguswe kabisa. Mimi nasema waguswe, ila waguswe kwa utaratibu, wachache, polepole, watu wamekaa wanaangalia damu kila wiki, kuliko dawa kujaribiwa kwa watoto wanaokimbia halafu wetu wanakuja kujua madhara yao wakiwa wateja. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Kama dawa hii ina jambo na ini au figo za kijana wa miaka 17 mwenye mapafu nusu, bora lionekane pale penye madaktari sita kuliko kwangu saa nane usiku.

Fomu ya ridhaa kurasa 34. Kiingereza naongea lakini kile cha wanasheria kinanichosha, nikaomba mkalimani, wakanipa wa kwenye simu, baba mmoja mstaarabu sana, Kiswahili chake cha Lubumbashi changu cha Tanga, tukawa tunakwenda kwa kurudiarudia. Tatizo likawa neno moja. Kila akifika kwenye utafiti yeye anasema "majaribu". "Mama, mtoto wako ataingia katika majaribu, awamu ya pili." Mdomo ukajibu wenyewe, "bali utuokoe na yule mwovu", kijana akacheka mpaka kidole kikabonyeza honi ya wilichea, daktari anatuangalia hajui tunacheka nini na mkalimani naye kule anacheka. Lakini tulipofika ukurasa wa madhara, pale mwisho wa orodha, yule baba alinyamaza kidogo kisha akasema, "mama, hapa kuna neno zito, nalisema?" Nikamwambia liseme. Akalisema. Sijawahi kuonana naye yule mtu ila namshukuru alivyoniuliza kwanza. Hospitali pia nawapa maksi hapa, walitukatalia kusaini siku ile, wakasema nendeni nayo nyumbani wiki nzima, mrudi na maswali.

Vipimo vya kwanza vilichukua siku mbili. Cha mikono ndicho kilichonikaa. Mtu wa mazoezi anaweka kikombe cha plastiki mezani, ndani kuna uzito wa gramu 200, anamwambia kipeleke mdomoni, mikono yote miwili ruksa. Gramu 200 ni chai ya kikombe kimoja hivi. Kijana akakiangalia kile kikombe kama mtu anaangalia goli la penati, akavuta pumzi, akaegemeza kiwiko, yule dada akasema hapana, kiwiko kisiguse meza. Kikafika kidevuni kikasimama. Mimi nikawa nasukuma kwa macho. Hakikupanda. Akaandika namba kwenye karatasi bila kuonesha sura yoyote, kisha akamwekea sarafu azikusanye, hizo alizikusanya zote kwa mbwembwe. Urefu pia, mtu hasimami utampimaje, walipima mfupa wa mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo wakakadiria, maana bila urefu hujui mapafu yanatakiwa yabebe hewa kiasi gani.

Damu sasa. Hapa ndipo nilipoona hawa watu wanajua kazi. Kliniki moja ya huku kwetu, siitaji, kila mwaka walikuwa wananiambia figo za mtoto safi kabisa, kreatinini iko chini vizuri, mimi narudi nyumbani nafurahi. Daktari wa utafiti akacheka ile ya kusikitika, akaniambia kreatinini inatengenezwa na misuli, mtoto wako misuli imekwisha, lazima iwe chini, hata figo zingekuwa zinaumwa ungeiona inafanana na ya mtu mzima mzima wa afya. Yaani namba "nzuri" kwake inaweza kuwa ya hatari. Kwa hiyo figo wao wanazipima kwa kitu kinaitwa sistatini C, hicho hakitegemei misuli. Na ini ni hivyohivyo ila kinyume, zile namba za damu za ALT na AST ambazo kila mtu anajua ni za ini zinatoka kwenye misuli pia, watoto wa Duchenne ziko juu siku zote, wapo waliotibiwa ini miaka kabla mtu hajafikiria misuli (huyu wangu alipewa dawa za ini akiwa na miaka mitatu, nilimnyima mayai mwaka mzima bure). Sasa ukimpa kijana kama huyu dawa mpya na ini likaanza kuumia, ALT itapanda kutoka juu kwenda juu zaidi, utajuaje? Wanaangalia GGT na bilirubini, hizo hazitoki kwenye misuli. Mambo ya aina hii ndiyo yanafanya utafiti wa usalama kwa wagonjwa wa hatua hii uwe kazi yake yenyewe, ukichukua vipimo vya watu wazima wa kawaida ukavibandika hapa utasema dawa salama na mtu anakwisha.

Kitu kingine, kila linalomtokea linaandikwa. Mafua, linaandikwa. Kichwa, linaandikwa. Nilimteleza kidogo kwenye winchi ya kumnyanyulia akagonga goti, nikaona aibu nikataka kunyamaza, mratibu akauliza tu "kuna jipya?" nikatapika yote, akaandika. Wana madaraja, la 1 ni dogo mtu anaendelea na shughuli zake, linapanda, 3 ni kali, 4 ni la kuponea chupuchupu, 5 ni kifo. Kijana aliyakariri siku ya kwanza, ikawa utani wake nyumbani, wali ukiungua anasema "mama hii daraja la 2".

Drip ya pili alitetemeka na homa, wakasimamisha, wakasubiri kama dakika 40, wakarudisha taratibu, hakikuwa kikubwa, daraja la 2. Lakini mwezi wa tano alipata kifua na tukakimbilia emajensi ya mjini kwetu, sio ile ya utafiti, na pale daktari kijana akaona oksijeni imeshuka akamwekea oksijeni tupu ya puani. Wenye watoto wa Duchenne mnajua. Hawa wanashindwa kusukuma hewa chafu itoke, ukimpa oksijeni peke yake namba kwenye kidole inapendeza huku kaboni inampanda na anasinzia taratibu. Nikasema hapana, mashine yake hii hapa nimekuja nayo, na ya kukoholea hii, na kadi hii soma. Tulibishana kidogo, akasoma kadi, akapiga simu, akanyamaza, akaunganisha mashine. Tukalala usiku mmoja. Kwa sababu tulilazwa, lile tukio likaitwa "kubwa" moja kwa moja hata kama lilikuwa kifua tu, siku hiyohiyo wakataka karatasi zote, ikaenda mpaka kwa kamati ile ya pembeni isiyo ya kampuni inayoweza kusimamisha utafiti mzima. Wiki mbili baadaye wakaniambia halihusiani na dawa. Niliona kama wanatia chumvi, siku hizi naona sawa, ndiyo kazi tuliyoijia.

Mishipa. Mkono wa kijana aliyekunywa steroidi miaka kumi na umekunjika hapa kwenye kiwiko haukupi mshipa kirahisi. Kuna siku walimchoma mara tano. Ya tano hakulia, aligeuza tu uso akaanza kuhesabu vigae vya darini kwa sauti, kwa Kiswahili, mimi nikaomba kila mtu atoke kwanza. Baada ya hapo ikawekwa sheria kwenye faili lake, mara mbili tu halafu aitwe nesi wa Kifilipino wa ghorofa ya nne mwenye mashine ya kuonea mishipa. Huyo mama anaingia, anasugua viganja vyake vipate moto, anamwita kijana "boss", sekunde tatu imeingia. Kama nyota ingekuwa ya mtu mmoja mmoja yeye ningempa sita. Nauliza tu, kwa nini asiwe wa kwanza kila siku?

Nyota zilizokatika sasa. Moja nzima nimeikata kwa safari na malazi. Utafiti ni wa watu wasiotembea, wote, hakuna hata mmoja anayetembea, halafu anayebuku hoteli hajui tofauti ya chumba chenye mlango mpana na chumba chenye bafu la kuingia na kiti. Mara tatu! Mara ya tatu nilimwogesha kitandani kwa beseni la barafu na taulo za hoteli kama niko kazini kwangu. Na kitanda chao kimekaa chini kimezibwa, miguu ya winchi haiingii. Hela za mafuta zinarudi kwenye kadi lakini baada ya wiki sita, saba, na mimi kila safari napoteza zamu mbili. Nusu nyota nimeikata kwa maswali ya hojaji, kurasa na kurasa za "umejisikiaje wiki iliyopita unapopanda ngazi". Kijana alijibu "nimejisikia kama ndege".

Kuhusu hela, wale mnaopokea SSI, ile posho ya serikali ya Marekani kwa walemavu wenye kipato kidogo, msiogope kupokea posho ya utafiti wa ugonjwa adimu kama huu, kuna sheria, hadi dola 2000 kwa mwaka hazihesabiwi kwenye kipato. Mwambieni mfanyakazi wa ofisi yenu hivyo, wa kwangu alikuwa hajui, ikabidi nimpe karatasi.

Wa nyumbani mnaonitumia voisi mkiniuliza mwaweza kuja na watoto, naumia kuwajibu. Msisubiri utafiti. Steroidi mapema chini ya daktari, msizikatishe ghafla hata siku moja, na moyo upigwe eko, yaani picha ya ultrasaundi, kila mwaka hata kama mtoto anacheza mpira, na dawa za kulinda moyo miongozo inasema zianze kufikia miaka 10 hata eko ikiwa nzuri, hizo ni vidonge vya presha vya kawaida vinapatikana. Kama ningelijua hilo alipokuwa na 10 badala ya 14, basi tu.

Dawa imefanya kazi? Mikono ilikuwa pointi 19 kwenye kile kipimo cha kikombe na sarafu, mwaka umeisha ni 18. Mapafu yameshuka kidogo. Figo salama, ini salama, kwa vipimo vile vya kweli. Kikombe bado kinasimama kidevuni. Shangazi yake anaapa anashika simu vizuri zaidi, mimi namwacha aape.

Mwezi uliopita akatimiza 18. Mratibu akaniambia mama, ridhaa yako imekwisha muda, sasa anaamua yeye, fomu mpya, na tungependa azungumze na daktari peke yake. Nikasema peke yake? Nani atamgeuza kichwa kikichoka? Kijana akaniambia "mama, nenda kanunue kahawa." Nikaenda nikasimama kwenye mashine ya soda sikununua kitu, dakika 25. Mlango ukafunguliwa, daktari macho mekundu lakini anacheka. Kwenye tableti kulikuwa na mstari uliopinda unaanzia chini unapanda, jina lake, aliuandika kwa kidole mwenyewe, aligoma kusaidiwa.

Kwenye lifti nikamuuliza umemwuliza nini yule daktari. Akasema maswali mawili. La kwanza, kama akipata daraja la 5, je data zake zote wanabaki nazo au zinatupwa. Wakamwambia zinabaki. La pili, kama yule nesi wa ghorofa ya nne anaweza kuandikwa kwenye fomu.

"Wakasemaje?"

"Wanaangalia. Tuwahi gari mama, paking inaisha saa tano."